Saa zinazopotea kati ya Laela na chumba cha upasuaji

Na Mwandishi Wetu, Laela

Basi la kutoka Sumbawanga kwenda Mbeya likisimama Laela asubuhi, abiria hugombania viti vya dirishani. Mwanamke mwenye fistula ya uzazi hutafuta kiti cha nyuma kabisa. Maji hajayagusa tangu jana jioni. Ndani ya kitenge amejifunga vipande vya kanga kuukuu, na vingine amevikunja mkobani, maana anajua vya kwanza vitakuwa vimelowa kabla ya Tunduma. Kama anakwenda kutibiwa Dar es Salaam, mbele yake ana zaidi ya kilomita 1,000.

Kujinyima maji ni ujanja ambao karibu kila mwenye tatizo hili huujua, na ndio unaomwongezea mateso. Mkojo uliokosa maji huwa mzito na mkali, hunuka zaidi, hubabua mapaja mpaka yakatoka vidonda, na huweza kujenga mawe kwenye kibofu. Daktari humtaka anywe maji mengi kila siku ili mkojo uwe mwepesi. Lakini daktari hayumo ndani ya basi. Waliomo ni abiria wanaoziba pua, na konda ambaye wakilalamika sana yeye ndiye anayeamua nani ashuke.

Safari hiyo ni ya pili. Ya kwanza aliikosa, au aliianza akiwa amechelewa: ile ya usiku wa uchungu, kutoka kijijini kwao hadi mahali penye mtu wa kumpasua. Fistula ya uzazi hutokana na kuchelewa kwa safari ya kwanza. Kinachomfanya aishi nayo mwaka, miaka mitano, hata ishirini, ni ugumu wa safari ya pili.

Kinachotokea ndani ya nyonga

Fistula ni njia isiyo ya kawaida inayounganisha sehemu mbili za mwili ambazo hazikupaswa kukutana. Zipo za aina nyingi. Jipu la karibu na njia ya haja kubwa linaweza kuacha fistula ya hapo, kwa wanaume na kwa wanawake. Wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu kwa mashine hutengenezewa fistula mkononi kwa makusudi, ili damu ipatikane kwa wingi. Inayotuhusu hapa ni ya uzazi: tundu kati ya kibofu cha mkojo na uke, au kati ya uke na njia ya haja kubwa, na kwa wengine yote mawili kwa pamoja.

Huanza pale mtoto anaposhindwa kupita. Kichwa ni kikubwa kuliko nyonga, au mtoto amekaa vibaya tumboni. Wakunga huuita uchungu pingamizi. Tumbo linaendelea kukaza kila baada ya dakika chache, kichwa kinashindiliwa chini, na kati ya fuvu la mtoto na mfupa wa kinena wa mama kuna nyama laini: kibofu na ukuta wa uke. Nyama hiyo hubanwa ikakosa damu. Uchungu ukienda siku moja, ukaingia ya pili, nyama inakufa.

Mtoto naye mara nyingi hafiki. Kwa wanawake wenye fistula, karibu tisa kati ya kila kumi walimpoteza mtoto wa uzazi ule. Mama ananusurika, na nyumba nzima inamshukuru Mungu kwa hilo. Kisha, kati ya siku ya tatu na ya kumi, ile nyama iliyokufa inabanduka na kudondoka. Mkojo unaanza kutoka wenyewe, amelala au amesimama, usiku na mchana. Wengine huinuka kitandani wakiburuza mguu mmoja, kwa sababu mishipa ya fahamu ya nyonga nayo ilibanwa.

Pengo hilo la siku kadhaa ndilo linalowachanganya watu. Kwa kuwa mkojo haukuvuja siku ya kujifungua, jamaa hutafuta sababu katika yale yaliyotokea baadaye: nani alikuja kumwona mzazi, alikula nini, kulikuwa na ugomvi gani na jirani. Na kwa kuwa Sumbawanga imebebeshwa sifa ya uchawi kwenye midomo ya Watanzania kwa miaka mingi, maelezo ya namna hiyo hayakosi wasikilizaji. Hakuna aliyerogwa. Nyama ilikufa kabla mtoto hajatoka; kilichochelewa ni kudondoka kwake tu.

> Nyama ilikufa kabla mtoto hajatoka. Kilichochelewa ni kudondoka kwake tu.

Wala si tatizo la leo, wala la Waafrika peke yao. Maiti ya Henhenit, mwanamke wa jumba la kifalme la Misri aliyeishi takriban miaka 2050 kabla ya Kristo, ilikutwa na tundu la namna hii kwenye kibofu. Jijini New York ilifunguliwa mwaka 1855 hospitali ya wanawake iliyowapokea wagonjwa hawa, chini ya James Marion Sims. Daktari huyo aliupata ujuzi wake huko Alabama katika miaka ya 1840 kwa kuwapasua wanawake watumwa tena na tena bila dawa ya usingizi. Majina ya watatu kati yao yamehifadhiwa: Anarcha, Lucy na Betsey. Sanamu ya Sims iliondolewa katika bustani ya Central Park mwezi Aprili 2018.

Leo fistula ya uchungu pingamizi imekuwa nadra mno Marekani na Ulaya. Nyonga za wanawake wa huko hazikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba mwanamke anayeshindwa kujifungua hupasuliwa mapema.

Lami imefika, lakini si kote

Laela, makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga, imekaa juu ya barabara kuu ya Tunduma hadi Sumbawanga. Zamani barabara hii ilikuwa ya vumbi kiangazi na tope masika. Sasa ni lami tupu, na kilomita 95 hivi hadi Sumbawanga mjini, iliko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Rukwa, gari zuri linazimaliza bila shida. Mwanamke wa Laela, Mpui au Kaengesa anayeishi kando ya lami ana nafasi ambayo mama yake hakuwa nayo.

Ila wilaya haiishii kando ya lami. Upande wa mashariki uwanda wa Ufipa unakatika ghafla na kuporomoka hadi Bonde la Ziwa Rukwa. Juu huku ni baridi, mahindi, maharage na ulezi. Chini kule ni joto, mpunga na uvuvi. Ziwa lipo kwenye mwinuko wa mita 800 hivi, wakati sehemu kubwa ya Ufipa inapita mita 1,500. Muze, Mtowisa, Ilemba, Milepa na Kipeta zote ziko bondeni, na anayetoka huko kupanda juu lazima aukwee ukingo huo. Mvua zikishakolea, mito inayoshuka kutoka uwandani hujaa na barabara za bondeni hukatika.

Wataalamu wa afya ya uzazi huzigawa saa zinazopotea katika mafungu matatu: zile za nyumbani kabla ya kuamua kwenda, zile za njiani, na zile za kungoja huduma baada ya kufika. Kwa bonde la Rukwa fungu la pili ndilo linaloonekana kwa macho. Lakini la tatu lisifichwe. Utafiti uliotolewa mwaka 2006 na Women's Dignity Project pamoja na EngenderHealth, uliowahoji wanawake 61 wa Tanzania wenye fistula, ulionyesha kuwa wapo waliofika kwenye kituo cha huduma kwa wakati na bado wakapata jeraha, kwa sababu kituo hakikuwa na mpasuaji, au usafiri wa kuwapeleka mbele haukuwepo. Ulionyesha pia kuwa fistula si ya mabinti wadogo peke yao. Wapo waliokuwa wamekwisha kuzaa mara kadhaa bila tatizo.

Nchi imepiga hatua, na hilo lisemwe waziwazi. Takwimu za utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi zinaonyesha kuwa wanaojifungulia kwenye vituo vya huduma walikuwa asilimia 63 mwaka 2015/16 na wakafika asilimia 81 mwaka 2022. Vifo vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000 vilikadiriwa kuwa 556 na vikashuka hadi 104 katika kipindi hicho. Mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, ambao mtu hupiga namba 115 bila malipo na kuunganishwa na gari la wagonjwa au dereva wa kijijini anayelipwa kwa simu, umesambazwa nchini kote. Kwa mwanamke aliye Ilemba saa nane za usiku, namba hiyo ina maana kubwa kuliko mabango mengi ya uhamasishaji.

Hata hivyo, kwa miaka mingi wataalamu wamekadiria kuwa Tanzania hupata wagonjwa wapya wa fistula kati ya 2,500 na 3,000 kila mwaka, na kwa muda mrefu waliotibiwa hawakufika nusu ya hao. Kwa dunia nzima, Shirika la Afya Duniani limekuwa likitaja wagonjwa wapya kati ya 50,000 na 100,000 kwa mwaka.

Siku kumi za kwanza

Hapa ndipo naona pamesahauliwa, na ndipo Laela inapoweza kufanya jambo bila kungoja daktari bingwa kutoka popote.

Mpira wa mkojo ni kifaa cha bei ndogo. Ni mrija mwembamba laini wenye puto dogo kwenye ncha. Ukishaingia kibofuni, puto linajazwa maji ili mrija usichomoke, na mkojo unashuka kwenye mfuko. Mwanamke aliyepitia uchungu pingamizi, hata kama hatimaye alipasuliwa na hajaona tone likivuja, anatakiwa awekewe mpira huo na abaki nao takriban wiki mbili. Kibofu kisichojaa hakitanuki, na nyama iliyobanwa inapata damu na nafasi ya kupona.

Tundu likiwa limeshatokea lakini ni dogo na bado ni jipya, mpira ukikaa wiki nne hadi sita linaweza kuziba lenyewe bila kisu. Mganga wa Kiholanzi Kees Waaldijk, aliyefanya kazi Katsina, Nigeria, aliandika mwaka 2004 juu ya zaidi ya wanawake 1,700 aliowatibu mapema, wiki za mwanzo tu baada ya tundu kutokea. Baadhi walipona kwa mpira pekee na wengine kwa upasuaji wa mapema, na sehemu kubwa sana walikuwa wakavu baada ya jaribio la kwanza. Desturi ya awali ilikuwa kumwambia mwanamke arudi baada ya miezi mitatu. Miezi mitatu hiyo inatosha kabisa kumvunjia ndoa.

Kazi ya kuutunza mpira ni ya nesi na ya mgonjwa mwenyewe, na ina mambo madogo yanayotaka jicho. Mrija usikunjwe wala usilaliwe. Mfuko ukae chini ya kibofu wakati wote. Mama anywe maji mpaka mkojo uwe mweupe kama maji ya bomba, maana mkojo mzito huacha uchafu unaoziba mrija. Mrija ukiziba kwa saa chache tu usiku, kibofu hujaa na mshono au kovu changa huachia.

> Mpira wa mkojo ni kifaa cha bei ndogo. Kinachokosekana ni swali la siku ya saba.

Kwa nini basi jambo rahisi hivyo halifanyiki kila mahali? Kwa sababu mama aliyejifungua huruhusiwa mapema, na tundu hujitokeza akiwa nyumbani. Akiona mkojo unatoka huona haya, hujifungia, huambiwa na wakubwa kuwa ni mambo ya uzazi yatapita. Kliniki ya baada ya kujifungua ina hudhurio la siku ya saba, lakini aliyefiwa na mtoto mara nyingi haendi. Hana mtoto wa kupima uzito, na benchi lile limejaa wenye watoto. Hivyo yule anayehitaji sana kuonwa siku ya saba ndiye asiyeonekana.

Naamini hapa ndipo mhudumu wa afya ngazi ya jamii angeweza kuokoa watu wengi kuliko mahali pengine popote. Kila kijiji kinamjua mwanamke aliyekaa na uchungu siku mbili na kupoteza mtoto. Habari hiyo husambaa kabla ya mazishi. Mhudumu afike kwake ndani ya wiki moja, amwulize swali moja la waziwazi, mkojo unatoka wenyewe au hautoki, na akijibiwa ndiyo, ampeleke kituoni siku hiyohiyo akawekewe mpira.

Kipimo cha rangi ya bluu

Siku zikipita, kinachobaki ni upasuaji. Kwanza daktari anataka kujua tundu liko wapi. Kipimo kimojawapo hakina mashine yoyote. Vipande vitatu vya pamba au shashi nyeupe hupangwa ndani ya uke, kimoja juu ya kingine, kisha maji yenye rangi ya bluu huingizwa kibofuni kwa mpira. Baada ya muda vipande vinatolewa na kutazamwa kimoja kimoja. Cha kati kikitoka na bluu, tundu lipo kwenye kibofu. Cha juu kikilowa mkojo usio na rangi, kibofu ni kizima na tatizo ni mrija unaoleta mkojo kutoka kwenye figo. Cha chini pekee kikipata bluu, huenda mkojo unatoka kwa njia yake ya kawaida na kinachohitajika ni matibabu mengine kabisa.

Upasuaji wenyewe kwa wengi hufanyika kupitia ukeni, mgonjwa akiwa amechomwa ganzi ya mgongo. Daktari hutenganisha ukuta wa kibofu na wa uke, hushona kibofu pasipo kukivuta, kisha hurudishia ukuta wa uke. Baada ya hapo mpira unakaa wiki moja hadi mbili, au zaidi kwa jeraha kubwa. Kati ya wanawake kumi wanaoshonwa na mikono yenye uzoefu, wanane au tisa tundu huziba.

Kuziba, hata hivyo, si kukauka. Baadhi ya walioziba huendelea kuvuja wakikohoa, wakicheka au wakinyanyua ndoo, kwa kuwa misuli inayofunga mkojo iliharibika pamoja na nyama iliyokufa. Wanahitaji mazoezi, na wengine upasuaji mwingine. Takwimu za mafanikio zinazosomwa kwenye sherehe za Mei 23, siku ya kimataifa ya kutokomeza fistula iliyoanza kuadhimishwa mwaka 2013, mara nyingi huhesabu matundu yaliyozibwa. Mwanamke huhesabu kanga zilizolowa.

Dar es Salaam au Sumbawanga?

Hospitali ya CCBRT, Msasani jijini Dar es Salaam, ilianza huduma ya fistula mwaka 2003 na imekuwa kitovu cha matibabu haya nchini. Mgonjwa halipi. Iligundulika mapema kuwa matibabu ya bure hayamsaidii asiye na nauli, na mwaka 2009 hospitali hiyo ikaanza kutuma nauli kwa M-Pesa. Fedha zilitumwa kwa balozi wa huko kijijini, mtu aliyemtambua mgonjwa. Yeye ndiye aliyekata tiketi na kumpandisha basi, na mgonjwa akifika hospitalini balozi alipewa shukrani yake. Utaratibu huo uliwatoa wanawake kwenye mikoa ya mbali ambao wasingetoka kwa njia nyingine.

Wanaotetea kuwakusanya wagonjwa kwenye hospitali chache wana hoja nzito. Upasuaji wa kwanza ndio wenye nafasi kubwa ya kufaulu. Ukishindikana, kovu huongezeka, nyama hupungua, na wa pili huwa mgumu zaidi. Daktari anayeshona fistula tatu kwa mwaka hawezi kulingana na anayeshona tatu kwa siku. Kwa mtazamo huo, afadhali mgonjwa asafiri kilomita 1,000 kuliko kumpa nafasi yake ya kwanza mtu anayejifunza.

Wa upande wa pili wanauliza: na wale wasiopanda basi? Mama mwenye watoto wanne Milepa hawezi kuondoka mwezi mzima kwenda mji asioujua. Binti ambaye hajawahi kuvuka Tunduma anaogopa Dar es Salaam kuliko anavyoogopa mkojo. Kwao, suluhisho ni madaktari kuja mkoani. Kambi za namna hiyo zimewahi kufanyika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na Amref imefanya kazi hiyo kwa miaka mingi kwa kuwarusha wapasuaji hadi hospitali za mbali. Kasoro ya kambi inajulikana: mpasuaji anaondoka baada ya siku chache, na wiki mbili za mpira zinabaki mikononi mwa wodi ambayo pengine haikuandaliwa.

Ethiopia imepita njia hiyo na ina la kutufunza. Reginald na Catherine Hamlin walifungua hospitali ya fistula ya Addis Ababa mwaka 1974. Mmoja wa wagonjwa wao, Mamitu Gashe, hakuwa amesoma shule. Alibaki hospitalini, akafundishwa hatua kwa hatua, akawa mpasuaji wa fistula anayeheshimiwa. Baadaye hospitali hiyo haikuendelea kungoja wanawake wafike mji mkuu. Ilijenga matawi mikoani, na mwaka 2007 ikafungua chuo cha wakunga ili wahitimu wapelekwe vijijini. Catherine Hamlin alifariki Machi 2020 akiwa na miaka 96.

Nikiangalia ramani ya Rukwa, naegemea upande wa Sumbawanga. Mji ule una hospitali ya rufaa ya mkoa, na una hospitali ya Dk. Atiman, iliyopewa jina la Adriano Atiman, aliyeuzwa utumwani angali mtoto Afrika Magharibi, akasomea uganga Malta, akaja Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1889 na kuwatibu watu wa huko mpaka kifo chake mwaka 1956. Upande huu wa nchi si mahali pasipowahi kuona tiba ikimfuata mgonjwa alipo. Matundu mepesi, yale madogo yasiyo na kovu kubwa, yashonwe na timu ya kudumu iliyofunzwa vizuri Sumbawanga au Mbeya. Yale magumu, ya mrija wa figo na yaliyowahi kushindikana, ndiyo yapande basi. Na wa kwanza kufunzwa wawe manesi wa wodi, maana fistula nyingi zilizoshonwa vizuri huharibikia kwenye mpira wa mkojo ulioziba usiku.

Tundu linalotokana na kisu

Kuna upande ambao hausemwi sana. Kadiri upasuaji wa uzazi unavyoongezeka, ndivyo linavyoongezeka fungu la fistula zinazotokana na upasuaji wenyewe: kibofu kilichoshonwa pamoja na kizazi, au mrija wa figo uliofungwa au kukatwa wakati wa kuzuia damu. Mapitio ya miaka 18 ya mpasuaji Thomas Raassen na wenzake, katika nchi kadhaa na nyingi zikiwa za Afrika, yalikuta majeraha 805 ya aina hiyo, zaidi ya mwanamke mmoja katika kila wanane waliochunguzwa.

Hili lisimwogopeshe mtu kupasuliwa. Mwanamke mwenye uchungu pingamizi asiyepasuliwa yuko hatarini kupoteza vyote, mtoto na uhai wake. Linachotaka ni kwamba vituo vya afya vinavyoongezewa vyumba vya upasuaji viongezewe pia usimamizi wa karibu, na kwamba mpasuaji akishuku amejeruhi kibofu au mrija wa figo, aseme siku hiyohiyo. Jeraha linalotambuliwa mezani linaweza kushonwa palepale.

Nani anasema twende

Turudi nyumbani, kwenye zile saa za kwanza. Sehemu nyingi za nchi hii, mwenye uchungu hajipeleki hospitali. Uamuzi ni wa mume, na mume hayupo, amekwenda shamba la mbali au ziwani. Basi unakuwa wa mama mkwe. Mama mkwe alijifungulia nyumbani watoto wake wote na anaona huyu binti anadeka. Kuna pia imani, iliyoenea sana, kwamba uchungu mrefu ni dalili ya mwanamke aliyetoka nje ya ndoa na anatakiwa kuungama. Saa zinazotumika kumhoji ni zilezile ambazo nyama inakosa damu.

Umri nao una nafasi yake. Nyonga ya binti wa miaka 15 bado inakua. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini wameshazaa au wana mimba. Katika mkoa jirani wa Songwe ni asilimia 45. Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, iliamua mwaka 2016 kuwa vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti kuolewa kabla ya miaka 18 vinakwenda kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo Oktoba 2019. Hukumu ni njema, lakini haimwandalii nauli binti aliye na mimba ya miezi minane leo.

Nauli na ruhusa viandaliwe kabla ya uchungu. Mume aseme mbele ya mama yake, mapema, kwamba uchungu ukivuka machweo moja bila mtoto, mwanamke aondoke, hata kama yeye hayupo.

Aliyepona akishika mimba tena

Mwanamke aliyeshonwa anatakiwa kukaa miezi mitatu au zaidi bila tendo la ndoa na bila kazi nzito. Kwa Ufipa hiyo ina maana kwamba kuna mtu mwingine atakayegeuza majani na kutengeneza ntumba, yale matuta ya kufukia majani, shambani mwake, na kubeba maji yake. Ni jambo la kuzungumzwa na familia kabla hajaondoka kwenda hospitali. Kituo cha Mabinti cha CCBRT, kilichoanzishwa mwaka 2006, huwafundisha waliotibiwa ushonaji na uchapaji wa vitambaa, lakini walio wengi hurudi kwenye jembe lilelile.

Akishika mimba tena, kovu lake haliwezi kustahimili kichwa kingine kukaa pale kwa saa nyingi. Anatakiwa kujifungua kwa upasuaji uliopangwa, katika hospitali inayoijua historia yake. Kadi yake ya kliniki iandikwe hivyo kwa maandishi makubwa tangu hudhurio la kwanza. Na tarehe ihesabiwe pamoja na majira: kwa mwanamke wa Kipeta anayetarajia kujifungua Februari, mito ikiwa imejaa na barabara ya kupandia haiaminiki, safari ya kwenda Sumbawanga ni ya mwanzoni mwa Januari, akae kwa ndugu au kwenye nyumba ya kungojea wajawazito mpaka siku yake ifike.